Si kila damu kwenye mkojo ni kichocho



Nataka kusema neno juu ya damu kwenye mkojo, jambo ambalo huku bonde la Kilombero tumelizoea hadi halitushtui tena.

Mimi ni mkulima wa mpunga, miaka yangu ni 59. Machi 2022, wakati wa palizi, nilikojoa mkojo mwekundu kama juisi ya rozela. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nikaenda zahanati na kopo langu mkononi. Mhudumu aliitazama miguu yangu, bado ina tope la jaruba, akasema, “Mzee, unashinda majini, hiki ni kichocho tu.” Akanipima uzito, akanihesabia vidonge vya prazikwanteli, nikavimeza palepale. Baada ya siku chache damu ikakata. Nilimshukuru sana.

Julai ikarudi. Vidonge vilevile, na damu ikakata tena. Novemba ikarudi mara ya tatu. Safari hii mkojo ulipimwa kwa hadubini, mayai ya kichocho hayakuonekana. Nikaambiwa basi ni yutiai sugu, nikachomwa sindano siku 5.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha. Nilipeleka maradhi yangu ndani ya kopo mara tatu, mchana kweupe.

Aliyeniokoa ni binti yangu, aliyenilazimisha kwenda kupigwa picha ya utrasaundi. Mpimaji alinipaka ule ute wa baridi ubavuni, akatembeza kifaa, kisha akanyamaza. Akarudia palepale, akatoka kwenda kumwita mwenzake. Haikupita hata robo saa nikaambiwa: uvimbe wa sentimita 8 kwenye figo ya kushoto. Nikauza ekari moja, tukaenda Dar es Salaam, siti skani ikathibitisha, na Februari 2023 figo hiyo ikatolewa yote. Vipimo vya maabara vikasema ni saratani, ila haikuwa imetoka nje ya figo.

Daktari aliyenipasua alinifafanulia jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Damu ya saratani ya figo huja na kuondoka yenyewe, mara nyingi bila maumivu. Kumbe vidonge vilikuwa vinapewa sifa isiyo yao! Akaniambia pia kwamba saratani hii haisikii sana mionzi wala zile dawa za kawaida za saratani za kutundikiwa kwa dripu. Tegemeo kubwa ni kisu, na kisu huponya ukiwahi, kabla haijafika mapafuni au kwenye mifupa. Miezi 8 niliyozunguka na kopo ningeweza kuilipa kwa uhai.

Simlaumu mhudumu yule. Kichocho kipo kweli katika mabonde yetu, na anayesimama majini kutwa hawezi kukikwepa kirahisi. Ninacholalamikia ni mazoea: ugonjwa mmoja umepewa damu yote ya mkojo wa mkulima, na hakuna anayeuliza swali la pili.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Afya na halmashauri zetu ni moja. Mgonjwa mwenye damu kwenye mkojo apimwe kwanza, tena mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Yasipoonekana, au damu ikirudi baada ya dawa, asipewe dozi nyingine kabla ya kupigwa utrasaundi, hasa akiwa amevuka miaka 40. Utaratibu huo uandikwe na kubandikwa ukutani kila zahanati, kuanzia Mlimba hadi kwa wenzetu wa Mahenge na Malinyi wanaovuka daraja kuja Ifakara. Mji huu unajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Hatuwezi kushindwa na karatasi moja ya ukutani.

Na picha ya utrasaundi isiwe ya mwenye shamba la kuuza. Kadi yangu ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sisi wa vijijini tunasubiri kuona “kwa wote” inaishia wapi.

Leo naishi na figo moja, na inanitosha. Gunia silibebi tena, shinikizo la damu napima kila mwezi, na diklofenaki ya duka la dawa siigusi, maana huumiza figo niliyobakiwa nayo. Shambani nimerudi, nasimama ukingoni nawaelekeza vijana.

Juzi nilipita zahanati ile. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wakulima wanne, miguu ina tope, kila mmoja ameshika kopo. Huenda wote ni kichocho. Lakini mimi pia nilikaa benchi lile.

Mkulima wa mpunga,
Lipangalala, Ifakara