CHETI SI BREKI

Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Leo twawaomba ndugu wanachama wayaelekeze macho yao mbali kidogo na visiwa vyetu, hadi Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mpakani na Malawi. Khabari za huko si ngeni kwetu. Gari dogo la mizigo lililokwisha kutumika Japani, ambalo Bara hulishusha Dar es Salaam na sisi hulishusha Malindi, ni lile lile. Kyela hubeba mpunga, kakao na mawese. Hapa kwetu hufungwa bodi la mbao na mabenchi, likachukua watu wa shamba kwenda na kurudi mjini. Basi khatari iliyomo ndani ya gari lile ni yetu pia, na kwetu sisi mzigo wake ni roho za watu.

Tazameni kwanza njia yenyewe. Barabara itokayo Uyole hupanda milima ya Uporoto, ikafika Tukuyu, mji ulio kadiri ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hushuka mpaka tambarare ya Kyela, iliyo kadiri ya mita 500 tu. Yaani katika safari isiyofika kilomita 60, gari huteremka kiasi cha mita 1,000. Mvua za nchi ile hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yakikolea mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika. Anayeiteremka njia hiyo na mzigo mgongoni hutegemea mambo matatu: gia nzito, breki nzima, na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 2018 mkoa wa Mbeya ulizika watu wengi kwa ajali za miteremkoni, za magari yaliyosemwa kuwa yalishindwa breki.

Sasa tuulize: gari hilo lilikaguliwa na nani, na alikagua nini?

Huko lilikotoka, sheria ya Japani hulitaka lile gari dogo kabisa la mizigo, ambalo Bara huliita kirikuu, lipimwe kila miaka 2. Na lori la kawaida lililokwisha zoea kazi hupimwa kila mwaka. Sheria hiyo hiyo yasema kuwa injini ya kirikuu isizidi sentimita za ujazo 660, na mzigo wake usizidi kilo 350. Kilo 350 ni magunia matatu na nusu ya kilo mia mia. Nani kati yetu amepata kuona kirikuu iliyopakiwa magunia matatu na nusu, mwenyewe akasema imejaa?

Kwa miaka mingi magari haya yalikaguliwa ng'ambo na mawakala kabla ya kupakiwa melini. Mwaka 2021 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilianza kuyakagua yakishashuka Dar es Salaam. Palitokea mabishano mengi juu ya wapi pafaa zaidi, kule au huku. Sisi twaona mabishano hayo yaliliacha kando swali lililo kubwa. Ukaguzi wa bandarini, uwe wa Yokohama au wa Dar es Salaam, humkagua mgeni siku ya kuingia nyumbani. Hausemi neno lolote juu ya mwenendo wake baada ya miezi 6 ya kazi.

Na katika miezi 6 hiyo hufanywa nini? Mwenye gari humwendea fundi akamwongezea majani ya springi, ili gari lisilale likijazwa. Jambo hilo laonekana kuwa nguvu, kumbe ndani yake mna sumu. Magari mengi ya namna hii yana valvu iliyofungwa karibu na ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima jinsi bodi lilivyoshuka kwa uzito, na kuzigawia breki za nyuma nguvu kwa kadiri hiyo. Springi zikiongezwa, bodi halishuki. Valvu hudhani gari ni tupu, nayo huzinyima breki za nyuma nguvu saa ile ile zinapohitajiwa.

Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakishazeeka, joto la mteremko huyachemsha, yakatoa mvuke, na pedeli ikazama mpaka chini bila ya kushika kitu. Kwenye uwanja wa ukaguzi, gari likiwa tupu na breki zikiwa baridi, maradhi haya mawili yaweza kupita yasionekane kabisa. Basi cheti hutolewa, wala si cheti cha uongo. Ni cha kweli kwa gari tupu, penye ardhi sawa, asubuhi ile moja.

Mizani ya njiani nayo haisaidii. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, huyahusu magari ya tani 3.5 na zaidi. Lililo chini ya hapo hupita mbele ya mizani bila ya kupimwa. Sheria ile imetungwa khasa kwa kuilinda lami. Aliyekaa juu ya magunia hakukumbukwa.

Kila mwaka hufanywa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na gari lililokaguliwa hubandikwa stika kiooni. Nia hiyo twaiunga mkono. Lakini abiria aitazamaye stika hawezi kujua kama breki zilipimwa kwa mtambo au kwa macho, wala zilishika kwa kadiri gani.

Wapo watakaosema kwamba mwenye gari dogo ni mtu maskini, na kumzidishia ukaguzi ni kumtia umaskini zaidi. Hoja hii twaiheshimu, kwani wenye magari haya ni ndugu zetu. Lakini kubadili mafuta ya breki ni gharama ndogo kuliko kununua mpira mmoja. Linalomwumiza maskini ni kulipia karatasi isiyomhakikishia kitu, kisha akapata khasara ya gari, mzigo na maisha.

Kwa hiyo twazitaka Serikali zote mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zifanye haya. La kwanza, cheti kiandikwe vipimo vyenyewe vya kila gurudumu pamoja na jina la mkaguzi, kisiishie kwenye neno “linafaa”. La pili, breki za gari la biashara zipimwe kwa mtambo, gari likiwa na mzigo wake wa halali. La tatu, gari hilo lirudi kupimwa kila miezi 6, na kila mara springi au bodi likibadilishwa. La nne, TBS na Taasisi yetu ya Viwango Zanzibar zisomeane madaftari, ili gari lililokataliwa upande mmoja lisipate kusafishiwa jina upande wa pili.

Nanyi ndugu wanachama, msikae mkangoja. Anayetaka kununua gari na aingie chini yake ahesabu majani ya springi, atazame na kutu. Kwani sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani, na upepo wa bahari yetu huimaliza kazi iliyoanzwa kule. Asome ubavuni mwa mpira tarakimu 4 za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Akanyage pedeli ya breki aishikilie kwa dakika nzima. Ikizama polepole, ajue pana mahali panavuja.

Jambo hili lizungumzwe matawini, Unguja na Pemba, kabla hatujawa na msiba wa kuzungumzia. Kila tawi liorodheshe magari yanayochukua watu na mizigo katika mtaa wake, liwaulize wenyewe siku breki zilipopimwa mara ya mwisho, na majibu yaletwe kwetu yaandikwe. Wakubwa wakituambia kuwa magari yote yana vyeti, nasi tuwe na la kuwaonyesha.