Paa ni la mwenye nyumba, hewa ni ya nani?

Mchele na mahindi ya Mpanda husafiri mbali, na bei ya huko yaendako hutakiwa ijulikane kabla lori halijapakiwa. Zamani habari hizo zilipitia redio koo. Leo zinakuja kwa simu na intaneti. Ndiyo maana sharti dogo katika mkataba wa pango, la kumkataza mpangaji kuweka antena au chombo cha mawasiliano, laweza kumgharimu mfanyabiashara kuliko kodi yenyewe.

Je, mwenye nyumba ana haki hiyo? Kwa maoni ya safu hii, anayo nusu. Paa na ukuta ni mali yake. Kutoboa bati katika mkoa wa Katavi, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, si jambo la mzaha kwa mwenye magunia ndani. Anayetoboa bila kuuliza asilalamike akidaiwa fidia.

Lakini masafa si yake. Hayo yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, kifungu cha 88, yampa mpangaji haki ya kukaa katika pango lake bila kubughudhiwa. Antena haitajwi humo, kwa hiyo kilichoandikwa katika mkataba ndicho kitakachoangaliwa kwanza.

Marekani walilimaliza mapema. Kanuni yao ya 1996 kuhusu madishi iliongezwa 1999 iwalinde wapangaji, ila kwa sehemu anayoitumia mpangaji peke yake, si paa la wote. Mwaka 2006 wenye uwanja wa ndege wa Logan, Boston, walishindwa kulizuia shirika la Continental kutumia Wi-Fi katika ukumbi lililoupanga. Uwanja ulikuwa na mtandao wake wa kulipia. Basi mwenye fremu akikataza ruta iliyokaa juu ya kaunta yako huku akikuuzia intaneti yake, si bati analolinda.

Shauri laweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini msimu wa mpunga utakuwa umepita. Afadhali kabla ya kutoa kodi ya miezi sita na kilemba, iandikwe: chombo gani, kitafungwa wapi, na bati likivuja nani atalipa fundi.