Dona safi huanzia shambani, si mashineni

Kwa miaka mingi wataalamu wa afya na lishe wamekuwa wakiwahimiza wananchi kula ugali wa dona badala ya sembe. Akina mama nao hushauriwa kliniki kuwapikia watoto uji wa unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganywa mahindi na karanga. Ushauri huo ni mzuri, kwani mahindi yakikobolewa hupoteza kiini na pumba zenye vitamini, madini na nyuzinyuzi.

Hata hivyo, ushauri huo una sharti moja ambalo halitajwi mara kwa mara: nafaka yenyewe iwe salama. Mahindi na karanga ni mazao yanayoongoza kwa kushambuliwa na fangasi wanaotoa sumukuvu. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zile zile zinazoondoka mahindi yanapokobolewa. Anayesaga dona la mahindi yaliyoota ukungu hula virutubisho pamoja na sumu.

Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, ambako mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu wapatao 20. Hayo ni matukio yanayoonekana. Yasiyoonekana ni saratani ya ini, hasa kwa mwenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B. Sumukuvu inahusishwa pia na udumavu wa watoto.

Kupika hakusaidii. Moto wa jikoni hauiui sumukuvu, na mara nyingi haina rangi wala harufu inayoweza kumwonya mlaji. Kumpa ng'ombe mahindi yaliyooza nako si suluhisho, kwani sumu hupita na kurudi mezani kupitia maziwa. Kwa hiyo kinga iko kwa mkulima: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya ardhini, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, na kuhifadhi kwenye ghala kavu. Wanaobangua karanga nao waache kuzinyunyizia maji ili maganda yalainike, kwani unyevu huo ndio fangasi wanaoutafuta.

Swali ni kwa nini mkulima anayeyajua haya hayafanyi. Jibu liko sokoni. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi kufikia kiwango hicho hubaki na takriban kilo 95. Pale ambapo mlanguzi analipa bei ile ile kwa kilo, mkulima aliyekausha vizuri anapoteza kilo tano, nguvu kazi na fedha ya turubai. Aliyeharakisha ameuza maji kwa bei ya mahindi. Soko la namna hiyo humwadhibu mwangalifu.

Gharama hiyo huja kuwaangukia wote. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti ya vyeti. Wakulima waliokausha na wasiokausha waliathirika pamoja.

Umefika wakati halmashauri zinazokusanya ushuru katika magulio na masoko ya nafaka zirudishe sehemu ya fedha hizo kwa kununua vipima unyevu, na mahindi makavu yapewe bei yake. Vyama vya ushirika vinunue maturubai na mifuko isiyopitisha hewa kwa pamoja ili bei ipungue. Shirika la Viwango, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, lizifikie pia mashine ndogo za mitaani na wasindikaji wa unga wa lishe.

Wakati hayo yakisubiriwa, mkulima anaweza kutumia chumvi. Achukue chupa kavu, atie mahindi na chumvi kavu, atikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado ni mabichi kwa kuhifadhi. Na mama anayeandaa uji wa mtoto achambue punje moja moja kabla ya kwenda mashineni, kwa kuwa baada ya kusaga hakuna awezaye kuchambua tena.