Nguvu si kuficha kidonda

Mu Bunia, pahali vijana wanapenda basketi, mabishano moja haiishi. Ekipe ya chuo kikuu ya Kentucky, ile Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alichezea ku Marekani, ilikuwa na nguvu ao ilikuwa legevu? Wengine wanasema: Kentucky kubwa namna ile ilipigwa tarehe 17 Machi 2022 na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, 85 kwa 79 kisha muda wa kuongeza. Ekipe ya nguvu haiwezi kupoteza match sawa ile. Wengine wanajibu: angalia majeraha. Februari ya mwaka ule Sahvir Wheeler na TyTy Washington, wale wanaongoza mpira, walikosa match juu ya kuumia. Na siku ya Saint Peter's Oscar alitia pointi 30 na kukamata rebondi 16. Munataka afanye nini tena?

Hii mabishano inatuhusu sisi watu wa mine kuliko vile tunafikiri. Maneno wanatumia juu ya mchezaji, njo yale tunatumia juu ya mchimbaji: huyu mwanaume, huyu mulegevu, huyu anajua kuvumilia, huyu anajifanya mgonjwa.

Tuanze na rebondi. Ni ile mpira imekosa kuingia ku kitunga na inarudi. Watu wanapiga makofi kwa yule anatia pointi. Yule anakamata mpira imekosewa, chini ya kitunga, kati ya viwiko na magoti ya watu wakubwa, ni wachache wanamukumbuka. Oscar aliifanya kuwa kazi yake. Msimu wa 2021-2022 alikamata rebondi 515 mu match 34, maana 15 na kitu kila match. Tarehe 22 Desemba 2021, mbele ya Western Kentucky, alikamata 28 peke yake. Mwisho wa msimu walimuchagua mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mtoto wa Katanga, muji ya shaba.

Sasa, wale wanasema rebondi ni nguvu ya mwili tu, hawajaangalia muzuri. Kuko watu warefu kumupita na hawakamati kitu. Rebondi ni kusoma pahali mpira itaanguka mbele haijaanguka, kuweka mwili yako kati ya adui na kitunga, kupiga magoti kidogo ili usisukumwe, na kurudilia ile kazi mara makumi kila match. Ni akili na mazoezi. Sawa vile mchimbaji wa zamani wa Kilo-Moto anagonga mwamba na baramine na kusikia ku sauti kama juu ya kichwa chake kuko imara ao kunataka kuanguka. Yule anaishi muda mrefu ndani ya shimo si yule hana woga. Ni yule anajua kusikia.

Tuje ku majeraha. Oktoba 2022, mbele msimu haujaanza, Oscar aliingia hopitali na waganga wakamusafisha goti. Alikosa match mbili za kwanza. Tarehe 15 Novemba alirudi mbele ya Michigan State: pointi 22, rebondi 18. Ekipe ilipoteza kisha muda wa kuongeza mara mbili, lakini goti lilikamata. Machi 2023 alikamata rebondi 25 mbele ya Providence na Kentucky ikashinda.

Ndugu zangu, muulize: goti lile lilipona juu ya nini? Juu Oscar ni mwanaume kupita sisi? Hapana. Lilipona juu kuko mtu aliliangalia mapema, kuko mganga, na siku alikuwa analala hakuna mtu alimutolea chakula ku meza ao kumupa mwengine nafasi yake. Ile nguvu watu wanasifu ku Marekani iko na nyumba nyuma yake. Mwili unarudi ku kazi kama ulipata nafasi ya kupona.

Na sisi? Mtu anakatwa mguu na jiwe asubui, anafunga kitambaa, mangaribi iko tena ndani ya maji ya matope. Mwengine anakohoa mwaka muzima juu ya vumbi ya mawe, na wenzake wanamucheka. Kapita anasema: wewe ni mwanaume ao namna gani? PDG wa shimo anasema: kama hauwezi, kuko wengine kumi wanangojea. Na tuseme kweli, hata ku nyumba zetu ile neno inatoka. Kisha miezi sita mguu umeoza, na wale walisema « vumilia » hawako tena.

Mtu atanijibu: delege, wewe unaongea muzuri, lakini mimi sina kontra. Kama sishuki leo, watoto hawakuli leo. Ni kweli, na siwezi kumucheka mtu huyo. Lakini tuite kitu kwa jina yake: ile si nguvu, ni njaa inamusukuma. Tusisifu njaa sawa ushujaa, juu yule anapata faida anafurahi sana tukiisifu.

Hata ku Marekani ile mambo ilikuwa. Miaka mingi wachezaji wa vyuo walijaza viwanja na watu makumi ya maelfu, na hawakuwa na ruhusa ya kupata hata dola moja juu ya jina yao. Ilibadilika Julai 2021. Na Oscar, juu alikuwa mwanafunzi mgeni, viza yake ilimuzuia tena kupata faida sawa wenzake. Ile mabadiliko haikuanguka kutoka mbinguni. Ni watu walibisha, walienda mbele ya tribinali, walisukuma miaka na miaka. Hata mwenye mwili mkubwa anahitaji watu nyuma yake.

Tukumbuke pia Dikembe Mutombo, aliyetuacha tarehe 30 Septemba 2024. Rebondi zaidi ya 12.000 mu NBA, misimu 18. Goti njo lilimaliza kazi yake, mu 2009, akiwa na miaka 42. Lakini alikuwa ameisha kufanya kitu kikubwa kuliko rebondi: hopitali ya Kinshasa yenye jina ya mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa 2007. Mama yule alikufa bila kufika ku hopitali juu ya fujo mu muji. Sisi tunajua barabara ya Mongbwalu, mvua yake, bariere zake, woga wa silaha. Tunajua ile mambo inataka kusema nini.

Basi, wale wako na kontra: sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwajiri kulinda afya na usalama yako, na inataka komite ya usalama ndani ya kampuni. Ukiumia, sema siku ile ile, mbele ya mushahidi, iandikwe, na delege apate habari. Usingoje uvimbe. Kidonda hakikuandikwa, kesho watasema ulikipatia ku mpira. Na uulize kama CNSS inajua jina yako, juu kuko wengi wanakatwa franga kila mwezi na hawajaenda kuangalia kama inafika.

Wale wa kareya na koperative: tutoe kidogo ku kila mgao, PDG naye atoe fungu yake, ikae kwa mtu tunaamini, ba mama wawe ndani ya hesabu juu wao wanajua bei ya dawa. Mtu akiumia, akule wiki mbili bila kushuka. Likelemba tunajua kuifanya juu ya ndoa na matanga. Tuifanye pia juu ya mguu wa mwenzetu.

Na vijana, mubishane juu ya Kentucky mpaka usiku, ni haki yenu. Lakini kesho asubui kama mwenzenu anachechemea ku mlango wa shimo, musimuulize kama ni mwanaume. Mumuulize nani ameona kidonda chake.