Kufomati si kufuta

Leo nina jambo linalonikera rohoni, na nitalisema jinsi lilivyo.

Majuzi nilihitaji diski ngumu ya kuwekea nakala rudufu za kazi zangu. Mfuko haukuwa mzuri, kwa hivyo nikashuka mjini, nikazunguka maduka ya vifaa vya mitumba kule Luthuli Avenue mpaka nikapata diski ya gigabaiti 500 kwa bei nafuu. Mwenye duka akaapa kwamba ni safi, imefomatiwa. Kweli, nilipoichomeka kwenye tarakilishi ilikuwa tupu. Faili sifuri.

Lakini sisi waandika programu tuna ugonjwa wa udadisi. Nikaanzisha PhotoRec, programu ya bure ya kufufua faili zilizofutwa, kisha nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta maelfu ya faili. Nilifungua tatu tu, nikaacha. Ya kwanza ilikuwa orodha ya mishahara ya kampuni moja hapa Nairobi: majina, namba za vitambulisho, PIN za KRA, akaunti za benki, na kila mtu analipwa kiasi gani. Ya pili ilikuwa barua ya kumwachisha mfanyakazi kazi, pamoja na sababu yenyewe, ambayo hata mama yake pengine hajawahi kuambiwa. Ya tatu, bei za zabuni.

Mavazi ya mitumba yana desturi yake. Ukinunua koti Gikomba ukakuta tiketi ya basi mfukoni, unacheka unaitupa. Hii haikunichekesha.

Nilipiga simu kwenye namba iliyokuwa kwenye barua zao. Nikaulizwa kwanza mimi ni nani na nimezipata wapi, kwa sauti ile ya kumuuliza mwizi. Nilipoeleza, meneja akanijibu kwa utulivu mkubwa: "Haiwezekani ndugu yangu, fundi wetu alizifomati zote." Nikamsomea mistari miwili ya orodha ya mishahara. Kimya.

Sasa, simlaumu fundi. Alifanya alichojua, na tarakilishi yenyewe ilimwambia amefaulu. Hapo ndipo penye kasoro. Ukifuta faili, hata ukimwaga pipa la taka, mfumo unafuta tu maelezo ya mahali faili ilipokaa na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Ukifomati kwa njia ya haraka, unaandika orodha mpya tupu juu ya orodha ya zamani. Ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni: nyumba ipo, na vyombo vimo ndani. Vitaondoka siku mwingine atakapoingiza vyake mahali palepale. (Tangu Windows Vista, kufomati kikamilifu huandika sifuri diski nzima. Lakini nani huchagua njia hiyo inayochukua saa nzima, ikiwa ya haraka imeshawekewa alama tayari?)

Na msidhani ni ushamba wetu Wakenya. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. 129 ziliweza kusomeka, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika zilizobaki walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za mkopo. Mwaka 2009 waandishi wa habari wa kipindi cha Frontline cha Marekani walinunua diski sokoni Tema, Ghana, ndani yake mkawa na nyaraka za Northrop Grumman, kampuni inayoiuzia silaha serikali ya Marekani. Taka zao huja kwetu na siri zao zote!

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha benki ya Morgan Stanley. Walipofunga vituo vyao vya data waliajiri kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na ujuzi wowote wa kuharibu data, iwaondolee seva na diski. Vifaa vikauzwa, vikauzwa tena, vikaishia kwenye mnada wa intaneti vikiwa na taarifa za wateja. Mwaka 2020 mdhibiti mmoja aliwatoza dola milioni 60, na mwaka 2022 mwingine akawatoza milioni 35 nyingine. Kuandika sifuri kwenye zile diski kungewagharimu umeme tu.

Kuna pia mashine ya fotokopi, ambayo huwa haitajwi. Nyingi kati ya zile kubwa za ofisini zina diski ngumu ndani, na zinaweza kuhifadhi picha ya kila karatasi iliyopita. Kampuni ya bima ya afya ya Affinity huko Marekani ilirudisha mashine za kukodi bila kuzifuta, na mwaka 2013 ikalipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa sababu hiyo. Fikiria mashine iliyo pale kituoni unapopigia fotokopi kitambulisho chako.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikusahau jambo hili. Inakutaka usikae na taarifa za watu kupita muda unaohitajika, na muda ukiisha uzifute au uziondolee utambulisho. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, una saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hapo kwenye "kilicho kidogo" sikubaliani na waliotunga. Kwa duka la mtaani ni sawa, lakini kwa benki kubwa milioni 5 ni pesa za chai.

Haya basi, tufanyeje? Kwa diski ngumu za kawaida zile zinazozunguka, andika sifuri mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara moja tu inatosha. Bado kuna watu wanaokariri kwamba lazima uandike mara 35. Hiyo ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996 kuhusu teknolojia za diski za wakati ule, na mwenyewe alikwisha kusema kwamba kuzirudia zote 35 kwa diski za kisasa hakuna maana. Mimi nilitumia amri ya dd kwenye Linux. Asiyependa kuandika amri atumie ShredOS: unaiweka kwenye flashi, unawasha tarakilishi kwa flashi hiyo, unachagua diski. Chagua kwa makini tafadhali, haiulizi mara tatu.

SSD ni mnyama mwingine. Ndani yake kuna kidhibiti kinachohamahamisha data ili seli zisichakae upande mmoja, na kuna nafasi ya akiba ambayo mfumo wako hauioni kabisa. Unaweza kuandika sifuri mpaka kesho na vipande vya zamani vikabaki. Sumaku haisaidii kitu. Tumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski yenyewe, kupitia programu ya mtengenezaji au BIOS. Hata hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2011 kwamba watengenezaji wengine waliitekeleza vibaya. Ndiyo maana ninasisitiza kusimba diski nzima tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker au LUKS, kabla ya kuandika jina la mteja hata mmoja. Siku ya kuitoa unaharibu ufunguo, na kilichobaki ni takataka isiyosomeka.

Wapo watakaosema, kwa nini tujisumbue, chukua nyundo! Kwa diski iliyokufa, isiyoandikika tena, nakubali, ivunje, na kama ni SSD hakikisha kila chipu imevunjika. Lakini kuvunja diski nzima nzima kwa sababu ya uvivu ni dhambi katika nchi ambayo kuna shule zinazogawana tarakilishi tano kwa wanafunzi mia mbili. Isafishe, andika namba yake ya mtengenezaji, mtu mmoja atie sahihi, kisha mwingine achukue chache ajaribu kuzifufua kama nilivyofanya mimi. Kama kampuni haina mtu wa kutia sahihi, basi hakuna anayehusika, na meneja asije akaniambia habari za fundi.

Na sisi waandika programu tusijifanye watakatifu. Mara ngapi umebeba hifadhidata nzima ya mteja kwenye flashi ili "ujaribu kitu nyumbani"? Baada ya simu ile nilifungua droo ya meza yangu. Nilikuta flashi sita na diski mbili. Kwenye flashi moja, chini ya sinema za mpwa wangu, kulikuwa na hifadhidata ya chama cha akiba na mikopo niliyemaliza kazi yake miaka minne iliyopita. Salio za wanachama wote zilikuwemo, na flashi hiyo ilikuwa imeshakwenda shuleni na kurudi sijui mara ngapi. Hifadhidata nimeishaifuta, flashi nimeivunja, na mwenyekiti wa chama nimempigia simu. Hakufurahi.

Ile diski ya Luthuli nayo nimeiandika sifuri, ikachukua kama saa moja na nusu, nikaipitisha PhotoRec tena. Haikupata kitu. Sasa ndiyo yenye nakala zangu, na imesimbwa.