Ukingo wa dari na kofia ya bodaboda



Huko Uingereza na Poland upo mchezo wa mbio za pikipiki uitwao spidwei. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai, wakikata kona upande wa kushoto tu, na pikipiki zao hazina breki. Utasema hao ni wendawazimu. Lakini tazama walivyojiandaa: kofia ngumu, mavazi mazito ya kujikinga, na gari la wagonjwa limeegeshwa pembeni. Gari hilo likiondoka na majeruhi, mbio husimama mpaka lirudi au lije jingine.

Sasa njoo Katesh siku ya mnada, au Dongobesh mvua ikiwa imetoka kunyesha. Vijana wetu wana breki, tumshukuru Mungu. Kofia nayo ipo, imening'inia kwenye usukani ikimsubiri askari. Nyuma amekaa mama, mtoto katikati, na gunia la viazi la kutoka Gitting limefungwa kwa mpira. Gari la wagonjwa haliko pembeni. Kijana akianguka njia ya kwenda Haydom, atakayemfikisha hospitali huenda ni bodaboda mwenzake.

Nasema hivi kwa sababu kanisani tumezoea kuwataja vijana hawa kwa jina moja tu: wahuni. Wahubiri tunapenda kuwafananisha na Yehu mwana wa Nimshi, ambaye mlinzi alimtambua kwa mbali kwa jinsi alivyoendesha (2 Wafalme 9:20). Watu hucheka. Ila Yehu alikuwa anakimbilia shughuli yake mwenyewe. Kijana wa kijiweni anakimbilia shughuli ya nani?

Kwanza ya bosi. Pikipiki nyingi si zao. Wanalaza hesabu ya kila siku, au wako kwenye mkataba mpaka deni liishe. Mvua inyeshe, abiria wakosekane, hesabu ni ile ile. Na huyo bosi mara nyingi ni mwalimu, ni mfanyabiashara, ni mzee wa kanisa letu anayekaa kiti cha mbele.

Pili ni shughuli ya abiria. Hapa sina budi kujitaja. Nimewahi kupanda pikipiki kwenda kuhubiri, nimechelewa kwa uzembe wangu, nikamgonga dereva begani: "Kijana, kimbiza kidogo, ibada inaanza." Akakimbiza. Tulifika salama, nikapanda madhabahuni nikahubiri habari za upendo. Kama tungeanguka kwenye ule utelezi, gazeti lingeandika mwendo kasi wa bodaboda. Mimi ningeandikwa majeruhi.

Ipo sheria katika Kumbukumbu la Torati 22:8 ambayo hatuihubiri mara nyingi. Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, ili asiilete damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka pale. Tafakari. Aliyeanguka alipanda kwa miguu yake mwenyewe, labda hata alikuwa mzembe. Lakini Mungu anamtazama mwenye nyumba. Anamuuliza habari za ukingo.

Mwenye pikipiki, kofia ya pili iko wapi, ile ya abiria? Sheria ya usalama barabarani inawataka wote wawili wavae. Bei ya kofia ni ndogo ukiilinganisha na chombo chenyewe. Na kijana akikuambia leo biashara imekuwa mbaya, unamjibu nini? Jibu hilo ndilo linaloweka mwendo wake wa kesho.

Abiria nao wana visingizio. Kofia inanuka jasho, itaharibu nywele za Jumapili. Ni kweli inanuka. Beba kitambaa chako safi utangulize kichwani, au nunua yako kama unavyonunua mwavuli.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, matope yalishuka kutoka Mlima Hanang, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Taifa zima lililia nasi, na ilistahili. Vijana wa pikipiki hufa mmoja mmoja, leo huyu kwenye lami ya Babati–Singida, mwezi ujao yule kwenye vumbi la Mbulu, na hakuna mgeni anayekuja kutupa pole.

Wanaokuja ni wenzake wa kijiweni. Kijiwe kina mwenyekiti, kina mweka hazina na daftari la michango, na mwenzao akilazwa wanachanga kabla ndugu hawajafika. (Zipo jumuiya zetu za maombi ambazo hazijafika hapo.) Je, mchungaji au padri wako amewahi kufika kijiweni bila kuhitaji kubebwa?

Leo ukitoka ibadani utawakuta nje ya geti, chini ya mti. Walikuwa hapo tangu wimbo wa kwanza, mahubiri wameyasikia kwa spika. Muulize jina lake kabla hujamuuliza nauli. Mwambie huna haraka, kisha umwombe kofia.