Lokomotivu za kukodi: zilipiwe siku zinapovuta, si siku zinapolala

Shirika la reli la SNCC likikosa mashini za kuvuta mabehewa, watu husema: zitafutwe lokomotivu zilizotumika, za kununua au za kukodi, kwa sababu mpya ni ghali na hukawia kufika. Wazo hilo si baya. Ubaya mara nyingi huwa katika mkataba.

Mfanyabiashara wa Kindu au Kongolo hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni la haraka. Saruji na sukari yake zikilala stesheni zikingoja mashini, bei inapanda sokoni. Treni ya abiria isipokuja, watu wanapanda treni ya mizigo. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, jimbo la Lualaba, na watu wasiopungua 75 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa wamepanda bila ruhusa, kwa kuwa hawakuwa na usafiri mwingine.

Umri peke yake si tatizo. Injini ya lokomotivu haichakai kama ile ya gari dogo la okazyo. Inafunguliwa, inabadilishwa pistoni, mota za magurudumu zinasukwa upya, inarudi kazini. Kusini mwa Afrika ziko mashini za miaka ya 1970 zinazovuta mpaka leo, na mafundi wanaozijua bado wako.

Cha kwanza ni kipimo. Reli ya SNCC ina upana wa milimita 1,067, sawa na Zambia, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini. Soko la Kongo liko huko. Ng'ambo ya ziwa, reli ya zamani ya Kigoma ina milimita 1,000. Tofauti ni kama vidole vinne tu, lakini inatosha kuzuia mashini ya Kigoma isitembee Kalemie.

Halafu umeme. Nyaya za Katanga zina volti 25,000, wakati sehemu kubwa ya lokomotivu za umeme za zamani za Afrika Kusini ni za volti 3,000, tena za mkondo mnyoofu. Atakayenunua hizo kwa sababu bei yake ni nzuri atakuwa amenunua chuma cha kuuza kwa kilo.

Uzito nao usisahauliwe. Lokomotivu ya dizeli ya aina ya 34 ya Afrika Kusini ina tani kama 111 juu ya ekseli sita, yaani zaidi ya tani 18 kwa kila ekseli. Njia ya Kabalo hadi Kalemie ilimalizika mwaka 1915. Mkubwa yeyote asiwaahidi watu wa Tanganyika mashini kama hiyo kabla reli na madaraja havijapimwa. Inaweza kufaa kati ya Lubumbashi na Sakania, na isifae kwao kabisa.

Sasa mkataba wenyewe. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, lokomotivu inakodiwa dola 1,000 kwa siku. Mwezi mmoja ni dola 30,000. Ikifanya kazi siku 12, kila siku ya kazi imegharimu dola 2,500, na mwenye mashini hana sababu ya kuharakisha kuleta kipuri. Mashini inalala karakana, yeye analala vizuri. Pesa hizo zinatoka katika mfuko uleule unaongojewa na wafanyakazi wa reli ambao wamezoea kudai malimbikizo ya mishahara. Fundi asiyelipwa ndiye anaombwa aitunze mashini ya mgeni. Ajabu!

Tanzania imepitia njia hii. Mwaka 2007 reli yake ilipewa kampuni ya India, RITES, kwa mkataba wa miaka 25, na sehemu ya lokomotivu zikakodiwa kutoka India. Gharama na hali ya mashini hizo zilileta malalamiko mengi. Mkataba haukufika hata miaka mitano.

SNCC, au kampuni ya migodi inayotaka mashini zake kwenye reli hiyo, inapaswa kulipa kwa kilomita zilizovutwa, pamoja na kiasi kidogo cha kudumu. Mwenye mashini aweke ghala la vipuri Lubumbashi, si kuviagiza Johannesburg kila kitu kikivunjika. Mashini ijaribiwe ikiwa na mzigo kamili kabla ya kuvuka mpaka. Rangi mpya si jaribio. Na ikiwa kazi ni ya miaka kumi, kama kubeba shaba, afadhali kununua. Kukodi kunafaa pengo la muda, kama msimu wa mahindi.

Wenye mashini watajibu kwamba si haki walipe makosa ya wengine, na hapo wana hoja. Mazutu ikikosekana, au mvua ikibomoa njia, lokomotivu nzima itasimama bila kosa lao. Siku hizo zihesabiwe kwa SNCC. Injini ikifa, au breki zikikataa, zihesabiwe kwa mwenye mashini.

Ili ugomvi usiwepo, kila lokomotivu ya kukodi iwe na daftari lake: imetoka saa ngapi, imevuta tani ngapi, imesimama wapi na kwa sababu gani. Dereva atie sahihi, na fundi wa mwenye mashini naye atie. Nakala ibandikwe kila mwezi katika stesheni za Kamina, Kabalo, Kalemie na Kindu, mahali ambapo wenye mizigo wanaweza kuisoma wakiwa wanangoja.